Mafunzo ya mbizi za kiufundi: nisome wapi, na kwa mwalimu yupi?

KasaNungwi

Wakuu, salaam. Ninafanya kazi ya kuongoza wageni majini huku kaskazini ya Unguja nikiwa na ngazi ya divemasta, na baada ya kulifikiria jambo hili kwa muda mrefu nimeamua kwamba masika inayokuja, hoteli zikishafungwa na boti zikishapandishwa pwani, nitakwenda kusoma mbizi za kiufundi. Kwa asiyezifahamu, ninazungumzia mbizi zinazovuka mita 40, ambako ndiko mwisho wa mbizi za starehe, au zile zinazomlazimu mtu kusimama kwenye vituo wakati wa kupanda hata kama anatamani kutoka mara moja, kwa sababu mwili wake umebeba gesi nyingi kuliko unavyoweza kuitoa kwa mpando wa moja kwa moja.

Sababu yangu ni ya kazi na ya moyo pia. Kuta za Pemba, kuanzia Kigomasha hadi Misali, zinashuka mbali kuliko ninavyoruhusiwa kufika, na watafiti au wapiga picha wanaokuja kwa ajili ya kina hicho huja na wapiga mbizi wao kutoka nje, nasi wenyeji tukabaki juu ya boti kupokea mitungi. Ningependa miongoni mwa wanaoshuka awepo mtu wa hapa, anayeujua mkondo wa chaneli ile tangu utotoni.

Nimebakiwa na sehemu tatu kichwani: Dahab kule Misri, Afrika Kusini, na Malta. Kuhusu vyama vinavyotoa vyeti nimesoma habari za TDI, IANTD, GUE na PADI hadi nikachanganyikiwa, kwa kuwa kila kimoja kinajieleza kuwa ndicho bora. Pesa niliyoweka inatosha safari moja tu. Naomba waliotangulia wanieleze nianzie wapi.

GaluMwamba

Ndugu KasaNungwi, karibu sana, na nikupongeze kwa nia hiyo. Mimi ninafundisha huku Diani. Umeanza na nchi, ukaenda kwenye chama, na mwalimu ukamwacha wa mwisho. Nakuomba uugeuze mpangilio huo, kwa sababu ukishampata mwalimu sahihi, nchi na chama vitakuja navyo.

Nianze na vyama ili tuvimalize. IANTD kilianza mwaka 1985 kwa ajili ya kufundisha naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, wakati ambapo wengi waliiona gesi hiyo kuwa hatari kwa raia wa kawaida. TDI kilianzishwa mwaka 1994, GUE mwaka 1998, na PADI waliingia na mtaala wao wa kiufundi mwaka 2000. Kila kimoja kina kanuni zilizoandikwa, na kanuni hizo ni kiwango cha chini kabisa ambacho mwalimu hatakiwi kushuka chini yake. Chini ya nembo moja utamkuta mwalimu anayeishia hapo hapo kwenye kiwango cha chini, na utamkuta mwingine anayedai mara mbili yake. Kadi zao zitafanana, lakini waliozibeba hawatafanana hata kidogo wakikutana na tatizo mita 45.

Kwa hiyo muulize mwalimu maswali ambayo hayamo kwenye tangazo lake. Muulize ni lini mara ya mwisho alishuka kwenye kina anachokufundisha kwa ajili ya mbizi zake mwenyewe, bila mwanafunzi, kwa kuwa wapo wanaoshuka huko wakati wa kozi tu, na ujuzi wao umekauka bila wao kujua. Muulize ni wanafunzi wangapi amewanyima kadi na kwa nini. Anayejibu kwamba wote wanaofika kwake hufaulu amekwambia kila kitu unachohitaji kujua. Muulize pia ni jambo gani amelibadilisha katika ufundishaji wake miaka ya karibuni. Mfano mmoja ni vituo vya kina. Kwa miaka mingi tulifundishwa kuanza kusimama mapema, tukiwa bado chini sana, hadi utafiti wa kitengo cha majaribio ya mbizi cha Jeshi la Majini la Marekani, uliochapishwa mwaka 2011, ulipoonyesha kwamba ratiba iliyorundika muda kwenye vituo vya kina ilileta ugonjwa wa mgandamizo, ule unaotokana na gesi kutoka mwilini vibaya wakati wa kupanda, zaidi kuliko ile iliyouacha muda huo kwa vituo vya juu. Mwalimu ambaye habari hiyo haijamfikia, au imemfikia akaipuuza, anakupangia mpando kwa elimu ya zamani.

Jambo jingine ambalo kwangu halina mjadala ni heliamu, gesi nyepesi inayochanganywa kwenye gesi ya kuvuta katika mbizi za kina. Bado zipo kozi zinazomshusha mwanafunzi hadi mita 55 kwa hewa ya kawaida. Watu hudhani tatizo la hewa kwenye kina hicho ni ule ulevi wa naitrojeni peke yake, kumbe lipo na la uzito wa gesi yenyewe. Kadiri unavyoshuka ndivyo gesi unayovuta inavyokuwa nzito, mapafu yanashindwa kuisukuma nje ipasavyo, na kaboni dayoksaidi inajikusanya mwilini hadi mtu anachanganyikiwa, anahema ovyo na kupoteza uamuzi. Watafiti Anthony na Mitchell, katika kazi yao ya mwaka 2016, walipendekeza gesi isizidi gramu 5.2 kwa lita, na kwa vyovyote isivuke gramu 6.2. Hewa ya kawaida hufikia kiwango cha kwanza karibu na mita 30, na cha pili kabla hujafika mita 40. Mimi simpeleki mwanafunzi wangu mita 50 kwa hewa, wala sitamshauri mtu asome kwa anayefanya hivyo.

Muttrah_Mswahili

Assalaam alaykum nyote. Niko Muscat, asili yangu Mkoani, na mafunzo yangu niliyapata Dahab. Ninakubaliana na dada GaluMwamba kuhusu mwalimu, ila mahali pana uzito wake na sipendi tupapite haraka.

Faida ya Dahab ni kwamba kina kiko mlangoni. Unavaa vifaa ufukweni, unatembea hatua chache, na ndani ya muda mfupi uko juu ya ukuta unaoshuka kuliko utakavyohitaji. Hulipii boti, kwa hiyo ukishindwa zoezi leo unalirudia kesho bila gharama kubwa, na kurudia ndiko kunakomjenga mtu. Maji ni meupe, wapiga mbizi wa kiufundi ni wengi, na heliamu inapatikana. Upande wa pili ni kwamba pale Blue Hole, shimo refu la bahari karibu na ufukwe, kuna tao la mwamba ambalo dari lake liko karibu mita 55, na wengi wamekufa wakijaribu kulipita kwa mtungi mmoja wa hewa. Vibao vya majina yao vimebandikwa kwenye jabali ufukweni, na kila mwanafunzi huvipita akielekea majini. Mji wenye kina cha karibu namna ile huwavuta pia watu wa rekodi. Nuno Gomes wa Afrika Kusini alishuka hapo zaidi ya mita 318 mwaka 2005, jambo kubwa kwa kipimo chochote, lakini wewe unatafuta mtu wa kukufundisha kupanda salama kutoka mita 45, na huo ni ustadi mwingine. Usivutwe na idadi ya mita kwenye wasifu wa mtu.

Nikueleze dalili niliyoiamini kuliko zote nilipokuwa natafuta. Kabla sijalipa chochote niliomba kukaa karibu na chumba cha kujazia mitungi asubuhi moja. Katika kituo nilichokichagua, kila mpiga mbizi alipima gesi yake mwenyewe, mwalimu akiwa mmoja wao, kisha akabandika utepe shingoni mwa mtungi na kuandika kwa kalamu ya wino mzito asilimia ya oksijeni, kina cha mwisho cha kuivutia gesi hiyo, tarehe, na herufi za jina lake. Mtungi wa oksijeni ya asilimia 50 ulikuwa na namba 22 kubwa ubavuni, yaani mita za mwisho wa kuuvuta, na wa oksijeni tupu ulikuwa na namba 6. Mtungi mmoja ulikosa utepe. Kijana wa kituo aliuweka kando kabisa, ingawa mwenye mtungi alisema anaijua gesi iliyomo. Ndugu zangu, oksijeni tupu ikivutwa mita 30 ina shinikizo la angahewa 4, wakati mwisho unaokubalika ni 1.6 tena ukiwa umetulia kwenye kituo. Mtu hupata degedege, mdomo unaachia reguleta, kile kifaa cha kuvutia gesi, na hapo hakuna wa kumwokoa. Kituo kinachoheshimu ule utepe kitaheshimu na mengine.

KasaNungwi

Shukrani sana, dada GaluMwamba na ndugu Muttrah. Mmenifungua macho. Naomba kuuliza mambo mawili. Kwanza, kuna mahali wameniandikia kwamba ndani ya safari moja wataweza kunitoa naitroksi ya juu na taratibu za dekompresheni (vile vituo vya kupandia) hadi trimiksi, yaani mchanganyiko wa oksijeni, naitrojeni na heliamu, ya mita 60, na bei ya jumla inavutia. Pili, hakuna aliyeigusa Afrika Kusini, nami huko nisingehitaji viza kwa pasi ya Tanzania, tofauti na Misri na Malta.

BandariTanga

Kuhusu swali la kwanza, naomba niseme kwa uzito unaostahili, kwa kuwa nimelipitia. Nilisoma katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, katika nchi ambayo sitaitaja, kwa mpango wa aina hiyo hiyo wa ngazi juu ya ngazi. Ratiba ilibana kiasi kwamba zoezi lililoshindikana halikurudiwa, bali liliandikwa kuwa limefanyika. Jioni ya kuamkia siku ya mwisho mwalimu alijaza fomu zetu zote mezani wakati tunakula, zikiwamo za mbizi ambazo tulikuwa bado hatujazipiga. Mwenzangu mmoja alikuwa hawezi kuifikia vali ya bega la kushoto bila kusaidiwa, naye akapewa kadi ya mita 60 sawa na sisi wengine. Nilipandisha malalamiko kwa maandishi nikajibiwa kwa heshima, basi ikaishia hapo. Pesa nimezisahau, linaloniumiza hadi leo ni kwamba yule ndugu aliondoka akiamini kuwa ameiva.

Kwa hiyo kata mpango huo. Soma ngazi ya kwanza peke yake, ile inayoishia mita 45 ukitumia gesi ya asilimia 50 na oksijeni kwa kupandia, ikiwezekana na heliamu kidogo katika gesi ya chini, kisha rudi nyumbani ukaifanyie kazi kabla ya kufikiria trimiksi kamili. Mwalimu anayekuuzia ngazi ya pili kabla hajakuona majini ameshakuamulia matokeo.

Kuhusu Afrika Kusini, mimi ninaipenda kwa sababu inayotuhusu watu wa Tanga. Mnajua kwamba tangu mwaka 2003 wavuvi wetu wamekuwa wakimpata silikanti, samaki wa kale aliyedhaniwa kuwa ametoweka duniani, kwenye majarife, na hifadhi ya bahari kwa ajili yake ikatangazwa mwaka 2009. Lakini waliomwona samaki huyo uso kwa uso kwa mara ya kwanza wakiwa wapiga mbizi wa kawaida, bila nyambizi, ni kundi la mbizi za kiufundi pale Sodwana, katika korongo la Jesser, Oktoba mwaka 2000, wakiongozwa na Pieter Venter, kwenye mita 104. Waliporudi Novemba wakiwa na kamera walimpiga picha, na siku hiyo hiyo mmoja wao alipoteza maisha baada ya kupanda kwa kasi akimsaidia mwenzake aliyezimia. Nawaomba wote wanaotamani kina cha Tanga waikumbuke habari hiyo yote, na si sehemu yake ya kwanza tu, kwa sababu samaki wetu naye anaishi kwenye kina ambacho hakimpi mtu nafasi ya kubahatisha.

GaluMwamba

Ndugu BandariTanga, pole sana kwa yaliyokukuta, na asante kwa kuyasema.

Nikiongeza kuhusu Afrika Kusini, yapo maji ya aina mbili ambayo hayafanani. Kuna Komati Springs, mgodi wa zamani wa asbestosi huko Mpumalanga uliojaa maji, ambako Don Shirley, mmoja wa walimu wa IANTD wanaojulikana sana, amekuwa akifundisha kwa miaka mingi. Maji yamesimama, ni baridi kuliko yetu, na kwa kuwa mgodi uko juu kutoka usawa wa bahari, hesabu za vituo hubadilika kidogo. Kisha kuna Sodwana yenyewe, ambako boti husukumwa kutoka mchangani na kupasua mawimbi, na mkondo wa Agulhas hauna huruma. Kwa mtu wa Pemba ningeshauri uanzie kwenye maji yaliyosimama. Hiyo mikono inapaswa kujifunza mahali ambapo hakuna kingine cha kuishughulisha.

Nieleze ninachomaanisha. Zoezi la msingi ni kufunga na kufungua vali za mitungi pacha ukiwa unaelea mita 6. Unapeleka mkono wa kulia nyuma ya bega, unaifunga vali ya kulia huku ukivuta gesi ya reguleta ile ile hadi inakata, unabadili kwenda reguleta ya akiba iliyoning'inia shingoni, unaifungua tena, unaijaribu, kisha unakwenda ya katikati, kisha ya kushoto. Mwalimu mzuri hatazami mikono yako tu. Anatazama kama umepanda nusu mita, kama miguu imeanza kuning'inia, kama umemwangalia mwenzako baada ya kila hatua au umejifungia katika shida yako. Baadaye atakuondolea barakoa na kukwambia urudie. Ukimwona mwanafunzi wake akilifanya kwa utulivu namna hiyo, hakuna haja ya kusoma tangazo.

Hapo ndipo ninapowapa GUE haki yao, ingawa mimi si wa chama hicho. Kwao mwanafunzi anaweza kumaliza siku zote za kozi ya msingi na bado asipewe kibali cha kwenda ngazi ya kiufundi, na hewa ya kawaida hawaitumii kwenye kina kirefu. Gharama yake ni kwamba utalazimika kununua vifaa kwa mpangilio wao, na kwa mshahara wa divemasta hilo ni zito. Malta nayo ni nzuri kwa meli zilizozama, lakini kwa viza ya Schengen na bei za huko, kwa safari yako hii ya kwanza ningeiacha.

Muttrah_Mswahili

Kuna upande wa "na nani" ambao bado haujaguswa. Ukirudi Nungwi na kadi yako, utapiga mbizi na nani? Mbizi hizi hazipigwi peke yako, na ustadi wa mpiga mbizi asiye na mwenzake wa ngazi ile ile huoza haraka. Ungeahirisha hata mwaka mmoja ili uende na mwenzako wa kazini, mkasoma pamoja kwa mwalimu mmoja, mkazijua ishara zile zile na mpangilio ule ule wa vifaa, ungefaidika kuliko kwenda sasa peke yako.

Chunguza pia gesi ya nyumbani kabla ya safari. Oksijeni utaipata kwa wauzaji wa gesi za viwandani na hospitali, lakini lazima kituo chako kiwe na kompresa yenye vichujio safi na mitungi iliyosafishwa kwa ajili ya oksijeni, vinginevyo mafuta kidogo tu yanaweza kuwasha moto. Heliamu huja kwa bei kubwa na kwa kuagiza. Hiyo ni sababu nyingine ya kuanza na ngazi ya mita 45.

Na chemba ya kutibia ugonjwa wa mgandamizo. Uliza iliyo karibu na mahali unakosomea na iliyo karibu na nyumbani, kisha piga simu mwenyewe uulize kama inafanya kazi wiki hii na kama kuna daktari zamu ya usiku; usitegemee orodha ya mtandaoni. Bima nayo isome hadi mwisho, maana nyingine zinakoma mita 40, na nyingine hazimhudumii aliye mafunzoni.

KasaNungwi

Nimewasoma wote zaidi ya mara moja. Nimezungumza na mwenzangu wa kazini. Yuko tayari, ingawa atahitaji kuchanga hadi masika ya mwaka ujao, nami nimekubali kumsubiri. Tunaelekea Afrika Kusini, maji yaliyosimama kwanza, ngazi ya mita 45 peke yake. Nimewaandikia walimu wawili nikiuliza maswali ya dada GaluMwamba kama yalivyo, nikaongeza kwamba tunaomba siku moja ya mazoezi majini ya kulipia pekee, ili atuone nasi tumwone kabla ya kukubaliana kozi nzima. Mmoja amejibu kwamba hiyo siku moja anaihitaji yeye kuliko sisi. Mwingine ametuma bei ya punguzo kwa watu wawili na hakugusa swali hata moja.

GaluMwamba

Basi wa kwanza ameshajieleza. Mwandikie leo umuulize anataka muwe mmefikia wapi mtakapowasili, kisha mjifunze kuelea bila kugusa chini na kupiga mapezi kinyumenyume mkiwa hapo hapo Nungwi, kwa mtungi mmoja, kila mnapopata nafasi baada ya wageni kuondoka. Fomu za daktari zijazeni mapema, mkapimwe na anayefahamu mambo ya mgandamizo, na kama mmoja wenu amewahi kuwa na pumu au tatizo la masikio aliseme sasa. Mkiwa tayari kuja kufanya mazoezi ya mitungi pacha kabla ya safari, ninayo jozi mbili hapa Diani na nitawaazima.